Mashine za mitumba za mafundi bati

Tukisikia neno mitumba mawazo yetu hukimbilia mashati na viatu. Wiki hii nataka tuzungumze juu ya mtumba mwingine, ule usiovaliwa bali hushushwa kwa winchi. Nazungumzia mashine kuukuu za kukatia na kukunjia bati, zinazopita kutoka kiwanda hadi kiwanda, nchi hadi nchi, na mwisho kuangukia kwa fundi wa Gerezani aliyeuza kiwanja ili ainunue.

Kabla ya mashine kulikuwa na debe. Mafuta ya taa yaliingia nchini katika madebe ya galoni nne, na debe lilipokwisha mafuta ndipo maisha yake yalipoanza. Likawa ndoo, likawa mlango, likawa kipimo cha mahindi ambacho hata leo sokoni hakijafutika. Mafundi wa Kihindi katika miji yetu walilipasua wakatengeneza vibatari na makopo, na vijana wa Kiafrika waliowashikia koleo wakajifunza kwa macho, kwani hakuna aliyewafundisha kwa mdomo. Baadaye likaja pipa la lita 200. Vifaa vya fundi vilikuwa patasi, nyundo, na kipande cha reli cha kukunjia. Kelele za Gerezani nzima zilitoka kwenye vitu hivyo vitatu.

Mashine zenyewe zilikuwa viwandani. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967 viwanda vikubwa vilikuwa mali ya umma, na waliopanga mambo walitaka mtambo mpya. Kununua uliotumika kulionekana kama kula makombo ya wakubwa. Siwalaumu sana, maana wapo wafanyabiashara wa ughaibuni waliotuona jalala. Hata hivyo, mwaka 1962 mchumi wa Kihindi Amartya Sen, ambaye mwaka 1998 alipata Tuzo ya Nobel, alikwisha kuandika makala kuhusu manufaa ya mashine zilizotumika. Na mwaka 1965 Umoja wa Mataifa uliwaita wataalamu New York kulijadili suala hilo hilo kwa ajili ya nchi zinazoendelea. Hoja ni rahisi kuifahamu. Mashine inayohitaji kushughulikiwa na fundi mara kwa mara ni hasara pale ambapo mshahara wa fundi ni mkubwa. Ipeleke mahali ambapo fundi yupo na mtaji ndio haba, hesabu inageuka.

Kwetu hesabu hiyo haikufanywa na wataalamu, ilifanywa na shida. SIDO ilianzishwa mwaka 1973 kusaidia viwanda vidogo, lakini miaka michache baadaye vita vya Kagera na uhaba wa fedha za kigeni vilifanya hata bolti iwe ya kuomba. Mwaka 1984 Serikali iliruhusu mwenye fedha zake za kigeni aagize bidhaa bila kuulizwa kazipata wapi. Ndipo mlango ulipofunguka, na pamoja na magari makuukuu zikaanza kuingia mashine kuukuu. Lakini mwaka 1986 dola iliyokuwa kiasi cha shilingi 17 ikapanda hadi 40 kufikia katikati ya mwaka, na ikaendelea kupanda. Mtambo mpya ukawa ndoto hata kwa wenye karakana kubwa, sembuse fundi wa chini ya mwembe.

Halafu ikaja miaka ya tisini na kuuzwa kwa mashirika ya umma, kazi iliyokabidhiwa Tume ya Rais ya Kurekebisha Mashirika ya Umma. Vipo viwanda vilivyouzwa vikafufuka. Vipo vingine ambavyo mnunuzi alitaka kiwanja na majengo tu, mitambo ikang'olewa na kupimwa kwa kilo kama chuma chakavu. Msomaji, mashine ya kukatia bati ni tani kadhaa za chuma cha kalibu. Kwa muuza skrepa huo ni uzito. Kwa fundi ni mkate wa miaka thelathini. Waliokuwa wanapima hawakuwa mafundi.

Mjomba wangu alikuwa fundi wa matranka, yale masanduku ya bati tuliyobebea sare kwenda shule za bweni. Mwaka 1994 karakana moja, ambayo sitaitaja jina, ilipiga mnada vifaa vyake. Mjomba aliuza kiwanja chake cha Mbagala, akakopa kwa watu wawili, akarudi na gilotini ya Kiingereza iliyokuwa na umri wa kumzidi yeye mwenyewe. Dalali alimwapia kuwa inakata bati lolote. Kibao cha kiwandani kinachoonyesha uwezo wa mashine kilikwisha kubanduliwa, na ingetosha hilo kumtia shaka, lakini nani aliyejua kuuliza?

Siku ya kuwasha majirani walijaa. Bati la geji 28 likaingizwa, kisu kikashuka, na bati halikukatika. Lilijikunja likazama katikati ya visu viwili, likatoka limetafunwa kama muwa. Tulijaribu mpaka jioni. Ilipofika wiki ya tatu mnunuzi wa skrepa alianza kupita na kusalimia kwa upole wa kutisha. Gilotini ikafunikwa turubai, mjomba akarudi kwenye patasi na reli, na wadai wake wakaanza kuja alfajiri, kabla hajatoka.

Karibu nusu mwaka ukapita. Siku moja akaja mzee kununua jiko la mkaa, akaona mguu wa mashine chini ya turubai.

"Shikamoo mzee," mjomba alimwamkia.

"Marahaba mwanangu. Hii mmeitoa wapi?"

Alipoambiwa, alicheka bila furaha. Alikuwa ameiendesha miaka mingi, akapunguzwa kazi na kupewa kiinua mgongo kidogo miezi michache kabla ya mnada. "Mashine hii haina ugonjwa," alisema. "Waliiuza siku moja, na mimi walikwisha kunitoa siku nyingine."

Alieleza kuwa kati ya kisu cha juu na cha chini lazima pawe na upenyo unaolingana na unene wa bati. Ukiwa mpana, bati jembamba hujikunja badala ya kukatika. Ukibana mno, visu hugongana. Ile ilikuwa imetegwa kwa bati nene, na safari ya lori ilikuwa imelegeza bolti za kitanda chake. Alifanya kazi siku mbili. Kisu akakigeuza, maana kilikuwa na upande mwingine wenye makali ambao haujaguswa. Halafu hakuomba bati, aliomba karatasi ya daftari langu la Jiografia. Ilikatika kuanzia mwanzo hadi mwisho.

Tangu hapo nimewasikiliza mafundi wengi wakizungumzia manunuzi yao, na mkasa huwa karibu ule ule. Mmoja alileta mashine ya Kijapani yenye mota ya volti 200, akalazimika kununua transfoma ambayo hakuipangia. Mwingine alileta ya Kimarekani, iliyotengenezwa kwa umeme wa mizunguko 60, ikaenda polepole kwa moja ya sita kwa sababu wetu ni wa 50. Mashine za kukunjia za zamani zenye gurudumu zito na klachi ndizo ninazoziogopa zaidi, kwani nyingi zikianza kushuka hazisimami katikati, hata kama kidole kimesahauliwa ndani. Aliyekaa nazo miaka kumi anajua wapi pa kusimama. Aliyezinunua jana hajui.

Yule mzee alibaki kwa mjomba, akalipwa kwa siku, mpaka macho yalipomwishia. Deni liliisha mwaka wa pili. Vipimo vyote vya upenyo, kwa kila geji, aliviandika kwa penseli katika daftari ambalo karatasi yake moja ilikuwa imekwisha kukatwa. Mwaka 2011 mjomba aliiuza gilotini kwa fundi wa Morogoro, akakubali kupunguza bei mara mbili. Daftari alilitoza mbali, na hapo hakupunguza hata senti.