Mtoto anayechora ukutani ameanza kuandika, usimchape

Ukuta wa sebuleni umejaa mistari ya mkaa, na mtoto wa miaka miwili anachekelea kazi yake. Wazazi wengi hapo hukimbilia fimbo. Lakini mistari ile ndiyo mwanzo wa kuandika. Kinachotakiwa ni kumpa mahali pengine pa kuchora.

Mtoto huanza kuchorachora akiwa na karibu mwaka mmoja na nusu, penseli ameikamata kwa ngumi. Karibu na miaka 3 wengi huweza kuchora duara, msalaba hufuata kama miaka 4, mraba na pembetatu baadaye. Umri huohuo "baba" huchorwa kichwa kikubwa chenye miguu inayotokea kidevuni. Ni hatua ya kawaida tu.

Kwa hiyo kumkalisha mtoto wa miaka 3 ajaze ukurasa mzima wa a, e, i, o, u ni kumchosha bure. Herufi "a" ni duara na mstari, na asiyeweza duara hataiweza. Vidole vyake vitapata nguvu kwa kukanda unga wa chapati, kuchambua maharage, kufinyanga udongo na kufunga vifungo vya shati.

Vifaa si vya gharama. Kijiti na mchanga uani, chaki sakafuni, boksi lililochanwa au sinia lenye unga kidogo vinatosha. Vifuniko vya kalamu viondolewe mapema maana humpalia mtoto. Simu haichukui nafasi ya hayo: mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilishauri mtoto chini ya miaka 2 asiwekwe mbele ya skrini kabisa, na wa miaka 2 hadi 4 isizidi saa moja kwa siku.

Mkono wa kushoto nao umeliza watoto wengi. Karibu mtu mmoja kati ya kumi hutumia mkono huo, ndivyo alivyozaliwa. Adabu ya kula na kupokea kwa mkono wa kulia ni jambo lingine, na mtoto anaweza kufundishwa. Kuandika aachwe. Anayechapwa ili ahamie kulia huandika polepole, kwa woga, na mwisho huichukia kalamu yenyewe. Msaada wake ni mdogo tu: karatasi iwekwe kushoto kidogo, iinamishwe kuelekea kulia.

Kugeuza "b" ikawa "d" pia ni kawaida hadi karibu miaka 7. Akileta mchoro, badala ya "hiki ni nini?" aambiwe "hebu nisimulie", kisha mzazi aandike maneno yake chini ya mchoro, mtoto akiona.

Aliyefika miaka 4 na bado hawezi kuiga duara, au hawezi kabisa kushika penseli, apelekwe kliniki akaangaliwe.