Foto inayotoka ndani ya kadre: namna inatengenezwa na namna inadanganya macho

Labda umekwisha kuiona kwenye telefone: foto iko na kadre nyeupe, lakini mguu wa mchezaji wa mpira unapita juu ya kadre, kama vile anataka kutoka na kukufikia. Hakuna miwani ya pekee, hakuna mashine ya bei kali. Ni kukata na kuweka kivuli tu, ndani ya ordinatere ao telefone.

Mchezo wenyewe ni wa zamani kuliko ordinatere. Mwaka 1874, Pere Borrell del Caso, mchoraji wa Hispania, alichora kijana anayeruka kutoka ndani ya picha. Mikono ya kijana imeshika kadre, mguu mmoja umekanyaga kadre ya chini. Lakini ile kadre nayo imechorwa kwa rangi. Wafaransa wanaita kazi ya namna hii trompe-l'œil, maana yake kudanganya jicho.

Kwa nini jicho linakubali?

Foto ni bapa kama karatasi, kwa hiyo ubongo unatafuta alama za kujua nini iko karibu na nini iko mbali. Alama ya kwanza: kitu kinachofunika kingine njo kiko mbele. Ya pili: kitu cha karibu kinaonekana kikubwa. Ya tatu: kitu kilichoinuka kinaangusha kivuli. Ukipatanisha zote tatu, jicho linakubali hata kama wewe mwenyewe unajua ni uongo.

Namna ya kufanya

Tuchukue mfano wa chukudu, ile ya mbao inayobeba mizigo huku Goma.

1. Chagua foto nzuri. Piga chini-chini, chukudu ikielekea kwako, gurudumu ya mbele ikionekana nzima. Kama gurudumu imekatwa pembeni ya foto, hauna kitu cha kutoa inje.

2. Fanya kopi, foto ya kwanza isiguswe. Kisha fungua kopi katika programu yenye matabaka, yaani foto zinazolala moja juu ya ingine kama karatasi za kioo. Photoshop ilitoka mwaka 1990, na matabaka yakaingia ndani mwaka 1994. Ni ya kulipia. GIMP, iliyotoka mwaka 1996, ni ya bure na inapatikana katika Kifaransa. Kwa telefone, tafuta programu yenye matabaka.

3. Chora kadre nyeupe kwenye tabaka lake. Ifanye ndogo kuliko foto, upande wa chini uwe mpana kidogo kuliko wa juu, ionekane imelala.

4. Ficha yote iliyo inje ya kadre, lakini acha gurudumu na usukani. Usifute: tumia maske. Ukipaka nyeusi juu ya maske, sehemu inafichwa. Ukipaka nyeupe, inarudi. Hivi ukikosea, haujapoteza kitu. Fasi gurudumu inapita, ficha kadre pia, ili gurudumu iwe juu yake.

5. Weka kivuli kwenye tabaka lingine, chini ya chukudu. Paka nyeusi, ifanye ukungu, kisha punguza nguvu yake. Kivuli kiangukie upande ule ule wa vivuli vingine vya foto.

6. Linda kazi yako katika faili ya programu yenyewe, XCF kwa GIMP ao PSD kwa Photoshop. Ukilinda JPEG tu, matabaka yanaungana na hautaweza kurekebisha kesho kama kliya anaomba kubadilisha.

Kazi inaharibika mara nyingi kwa sababu mbili: kando zilizokatwa vibaya, na kivuli kinachokosa. Vuta foto iwe kubwa, kata polepole. Nywele za watu njo zinachosha zaidi.

Ujuzi huu unalinda pia

Foto inayotoka ndani ya kadre haifichi uongo wake: kila mutu anaona ni mchezo, na stidio inaweza kuiuza kwa ndoa ao sikukuu bila shida. Lakini kukata kule kule kunaweza kumuweka mutu fasi hajawahi kufika, ao kumpa silaha hajawahi kushika. Kwetu, foto kama hiyo ikizunguka kwenye telefone inaweza kuwakimbiza watu nyumbani mwao ao kumletea mutu hatari.

Kwa hiyo, kabla ya kutuma foto inayotisha, iangalie kama fundi. Ivute iwe kubwa. Kando za mwili ni kali kuliko vitu vingine? Kivuli kiko, na kinaangukia upande wa vingine? Mwangaza wa uso unalingana na wa ukuta nyuma? Foto inaweza kupita maswali haya yote na bado iwe ya uongo, kwa hiyo uliza pia nani aliipiga, fasi gani, na lini. Kama hakuna anayejibu, usiitume.