Kidudu cha upele na mama mwenye sindano

Upele ni ugonjwa ambao kila mtu anaujua, na kwa sababu hiyo wachache wanauliza habari zake. Mtoto akijikuna usiku kucha, twasema ana damu mbaya, ama hakuoga. Sisi nasi tulisema hivyo. Mwaka mmoja, wakati wa mafundisho ya Komunyo ya kwanza, tulimketisha mtoto mmoja peke yake nyuma ya wenzake, kisha tukamshauri mama yake ampikie mizizi ya kusafisha damu. Majuma machache yakapita, wenzake watatu wakaanza kujikuna. Hapo ndipo tulipotafuta kujua habari za ugonjwa huu, tukakuta kwamba kosa letu ni la zamani, na kwamba wenye elimu kubwa walilifanya mbele yetu.

Kwa karne nyingi waganga wa Ulaya walifuata mafundisho ya Galeno, ambaye alisema kwamba mwilini mna maji ya namna nne, na afya hutoka katika kupatana kwake. Basi upele ulihesabiwa kuwa ni uchafu wa ndani unaotafuta njia ya kutokea. Mgonjwa alipasuliwa mshipa ili damu itoke, akanyweshwa dawa za kuharisha, naye aliendelea kujikuna.

Mwaka 1687, katika Livorno, mji wa bandari wa Italia, walikuwako mganga kijana Giovanni Cosimo Bonomo na mwuza dawa Diacinto Cestoni. Hao walitambua jambo ambalo wakubwa hawakulijali: wanawake maskini walikuwa wakitoboa ngozi ya watoto wao wenye upele kwa ncha ya sindano, wakitoa kitu kidogo mno. Watumwa waliofungwa mjini walifanyiana vilevile. Kitu hicho ni nini? Wakamwita mgonjwa, wakamwuliza ni wapi panapomwasha zaidi, wakatoboa hapo, wakatoa chembe nyeupe. Walipoitazama kwa darubini ya kukuzia vitu vidogo, kumbe, ni mnyama mzima, mwenye umbo kama kobe, anatembea! Walimhesabia miguu sita. Kwa kweli aliyekomaa ana minane, lakini tusiwalaumu kwa miguu miwili. Waliona hata yai likimtoka.

Wakamwandikia Francesco Redi, mtaalamu wa viumbe, barua iliyopigwa chapa mwaka uleule. Walisema kwamba upele hautoki katika damu. Unaletwa na kidudu hiki, nacho hupita kwa kugusana. Dawa ya kunywa haifai kitu; dawa ya kupaka, kama salfa, ndiyo inayokiua. Tena walionya kwamba mtu akionekana amepona aendelee kujipaka siku kadhaa, kwa sababu ya mayai. Giovanni Maria Lancisi, mganga wa Papa na mwenye sifa kubwa, hakukubali kwamba kidudu peke yake chatosha kuwa chanzo. Bonomo akanyamaza.

Yaliyofuata yanachekesha na kusikitisha. Mwaka 1812, katika hospitali ya Saint-Louis ya Paris, mwuza dawa Galès alisema amewapata vidudu wengi wa upele, akachora picha yao. Wengine wakatafuta wasione hata mmoja. Mwaka 1829 Raspail alionyesha kwamba picha ile ni ya utitiri wa jibini! Basi wengi wakasema kidudu cha upele hakiko kabisa, na palitolewa ahadi ya fedha kwa atakayekionyesha.

Aliyekionyesha alikuwa mwanafunzi tu, Renucci, mzaliwa wa kisiwa cha Corsica. Tarehe 13 Agosti 1834 alichukua sindano mbele ya waganga wa hospitali ileile, akakitoa. Nani alimfundisha? Wanawake maskini wa kwao. Waganga walikuwa wakipasua lengelenge lenye maji. Wanawake walijua kwamba kidudu hakikai mle, bali mwisho wa kijia chembamba kinachochimbwa kandokando chini ya ngozi. Toka Livorno mpaka siku ile ni miaka 147.

Katika vita vya pili vya dunia, Kenneth Mellanby wa Sheffield, Uingereza, aliwalaza watu waliojitolea ndani ya mablanketi ya askari wenye upele. Karibu wote hawakupata kitu. Lakini waliolala kitanda kimoja na wagonjwa waliupata. Tena, kwa mtu asiyewahi kuupata, muwasho huanza baada ya mwezi hivi. Hapo tulielewa habari ya watoto wetu: tulipomtenga yule mmoja, wenzake walikuwa wamekwisha kuambukizwa.

Siku hizi mwuguzi hatazami ngozi tu, huuliza: Unawashwa usiku zaidi? Nani mwingine anajikuna nyumbani? Kisha hutazama katikati ya vidole, viwiko vya mikono, kitovu, sehemu za siri, na kwa mtoto mchanga hata nyayo. Choa ni kingine, hicho huchora duara. Dawa ya benzili benzoati au permetrini hupakwa toka shingo hadi miguu, kwa watu wote wa nyumba siku moja, hata wasiojikuna, na hurudiwa baada ya juma moja hivi. Kuna pia vidonge vya ivermektini, vilevile vinavyogawanywa kwetu Kongo kwa upofu wa mto. Lakini si vya mwenye mimba wala mtoto asiyefikia kilo 15, na penye minyoo ya Loa mganga aulizwe kwanza. Muwasho waweza kudumu majuma mawili na zaidi baada ya kidudu kufa. Wengi hapo huitukana dawa bure.

Tulirudi kwa mama yule pamoja na mwuguzi wa dispensari. Akatukumbusha kwamba siku ya kwanza alituambia kuwa hata mtoto wake wa ziwa halali usiku, nasi tukaendelea kumweleza habari ya mizizi. Jioni ile watu 9 wa nyumba walipakwa dawa. Sisi tulikuwa wa 10, maana vidole vyetu vilikuwa vimekwisha kuanza kuwasha.