Ndugu Amir Jamal: Mchumi Aliyekabidhiwa Reli na Simu

Ndugu wanachama, wengi wetu tulikwenda shule kwa gari moshi. Tulishuka Kilosa, na wengine wakashika tawi la Mikumi na Kidatu. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, reli hiyo iliangukia mikononi mwa Ndugu Amir Jamal, aliyepata kuwa Mbunge wa Morogoro.

Hakuwa mhandisi. Alisomea biashara na uchumi katika Chuo Kikuu cha Calcutta, India. Hata hivyo, mwaka 1961 Serikali ya Mwalimu Nyerere ilimpa mawasiliano, umeme na ujenzi. Mwaka 1965 akashika Fedha.

Mwaka 1977 alirudishwa Mawasiliano na Uchukuzi. Injini, mabehewa, ndege na simu, mali ya nchi tatu, vilikuwa vikigombaniwa; Shirika la Reli Tanzania ndilo kwanza linaanza. Kazi hiyo ilitaka mtu wa hesabu, kwani injini isiyo na fedha za kigeni za kununulia vipuri ni chuma tu. Mwaka 1979 akarudi Fedha. Alifariki mwaka 1995.

Vijana wetu wanaosoma uchumi wasidhani kwamba mitambo ni ya mafundi peke yao.