Upimaji wa nyufa za miamba kwa picha

Ni njia ya kihandisi ya kusoma mipasuko ya mwamba kutoka kwenye picha zinazopishana, ili mpimaji asilazimike kupanda kila genge na dira na futi. Mfano wa mahali penye nyufa za aina hii ni kata ya Iringo, iliyomo Musoma mjini, mkoani Mara, eneo la mawe ya itale yenye umri wa zaidi ya miaka bilioni 2.5. Maji hupenya kwenye nyufa, hula kingo, na kuacha mawe ya mviringo yamebebana.

Kipimo cha urefu unaojulikana huwekwa kwenye mwamba, kisha sehemu ileile hupigwa picha kutoka pande mbili au zaidi. Kompyuta hutoa umbo lake, nalo huonyesha mwinamo na uelekeo wa nyufa, nafasi kati yake na urefu wake. Mhandisi hutazama hasa nyufa mbili zinazokutana na kuinamia barabara au machimbo: kipande kilicho kati yake kinaweza kuteleza na kuua.

Mwaka 1978 Jumuiya ya Kimataifa ya Mekanika ya Miamba ilipendekeza sifa 10 za nyufa za kupima. Picha haizimalizi. Ufa uliojaa udongo wa mfinyanzi, ambao ni wa hatari sana, hutambuliwa kwa uhakika kwa mkono na nyundo.