Domenico Modugno, Mwimbaji Aliyefungua Mikono

Msomaji, katika pwani ya kusini-mashariki ya Italia uko mji mdogo uitwao Polignano a Mare, uliojengwa juu ya majabali mbele ya Bahari ya Adriatiki. Hapo pana sanamu ya mtu aliyenyosha mikono yake miwili kama ndege atakaye kuruka. Sanamu hiyo, iliyosimamishwa mwaka 2009, ni ya Domenico Modugno. Waimbaji hodari ni wengi duniani, na wengi wao husahauliwa upesi. Basi na tuyatazame maisha ya mtu huyu, tupate kujua kilichomstahilisha heshima hiyo.

Alizaliwa katika mji huo tarehe 9 Januari, 1928. Alipokuwa mtoto, wazazi wake walihamia San Pietro Vernotico, mji mwingine wa jimbo lilo hilo la Puglia, na huko akajifunza lahaja ya wenyeji. Baba yake, aliyekuwa askari wa manispaa, ndiye aliyemfundisha kupiga gitaa. Italia ya kusini ilikuwa maskini, na vita vilivyokwisha mwaka 1945 viliizidishia dhiki. Vijana wengi walifunga virago wakaenda kaskazini penye viwanda. Modugno naye alikwenda Turin, akafanya kazi ya kutengeneza mipira ya magari; kisha akashika njia ya Roma, akapata nafasi katika chuo cha sinema.

Huko Roma alianza kuimba katika redio nyimbo alizozitunga kwa lahaja za kusini. Wasikilizaji wengi walidhani kuwa yeye ni mtu wa Sisilia, kisiwa kilichojulikana zaidi kuliko Puglia. Modugno hakuwasahihisha, maana dhana hiyo ilimletea riziki. Watu wa Polignano walichukizwa sana. Wahenga walisema, mwacha asili ni mtumwa. Usifanye haraka kumhukumu, msomaji, kwani mwenye njaa hachagui sana mlango wa kuingilia. Lakini deni la namna hii halifutiki kwa kunyamaza, nalo lilimngoja.

Mwaka 1958 aliingia katika tamasha la nyimbo la Sanremo, lililoanzishwa mwaka 1951. Desturi ya waimbaji wa siku zile ilikuwa kusimama wima, mkono kifuani, wakiimba kwa huzuni habari za mapenzi. Modugno alifungua mikono yake na kupaza sauti kwa furaha. Wimbo wake, "Nel blu dipinto di blu", alioutunga pamoja na Franco Migliacci, wasimulia ndoto ya mtu aliyejipaka rangi ya samawati akachukuliwa na upepo hadi angani. Dunia yaujua zaidi kwa jina la "Volare", yaani kuruka. Ulishinda.

Mwezi wa Machi wa mwaka huo aliuimba Hilversum, Uholanzi, katika shindano la nyimbo la nchi za Ulaya, akapata nafasi ya 3 tu. Kumbe hukumu ya waamuzi si hukumu ya watu! Katika Marekani wimbo huo ulishika nafasi ya 1 kwa jumla ya wiki 5, ijapokuwa wasikilizaji wengi wa huko hawakujua Kitaliano. Mwaka 1959, tuzo za Grammy zilipotolewa kwa mara ya kwanza, ulipata mbili: ya santuri bora na ya wimbo bora wa mwaka. Modugno alishinda tena Sanremo mwaka 1959, 1962 na 1966.

Mwaka 1984, akiwa katika kazi ya kutayarisha kipindi cha televisheni, alipatwa na kiharusi. Upande mmoja wa mwili ukapooza, na ile mikono iliyokuwa imefunguka mbele ya dunia nzima haikumtii tena. Wengi wangalijifungia ndani wakangoja mauti. Yeye alichaguliwa mbunge mwaka 1987, akawatetea walemavu. Sheria ya mwaka 1978 ilikuwa imekwisha kuamuru kuwa hospitali za zamani za wenye maradhi ya akili zifungwe, lakini katika mji wa Agrigento wagonjwa walikuwa wangali wakiishi katika hali ya kuhuzunisha. Modugno alikwenda, akaona, akapiga kelele hata taifa likasikia, tena akawaimbia. Nao Agrigento uko Sisilia. Jina alilolivaa ujanani kwa ajili ya riziki alililipia uzeeni kwa utumishi.

Likabaki deni la nyumbani. Mwaka 1993 alirudi Polignano, akaimba mbele ya umati wa watu wa kwao, nao wakampokea kama mtoto wao. Mwaka uliofuata, tarehe 6 Agosti, 1994, alifariki katika kisiwa cha Lampedusa, naye ana miaka 66.

Nawe, msomaji, huenda siku moja ukapewa kipawa kitakachokupeleka mbali na kwenu. Nenda wala usiogope. Lakini ujiulize mapema, kama Modugno alivyokuja kujiuliza baadaye: sauti yangu itawafaa akina nani siku makofi yatakaponyamaza?