Udongo wa Ukambani

Msomaji, ukisimama pwani ya Malindi wakati wa mvua utaona bahari ina rangi ya kahawia. Huo ni udongo wa bara, uletwao na mto Athi, ambao huku chini huitwa Galana, kisha Sabaki. Udongo kidogo hulisha samaki na kamba. Ukizidi, huua matumbawe. Matumbawe yenyewe huongeza tabaka kila mwaka, na wataalamu walioyachunguza walieleza mwaka 2007 kwamba udongo ulizidi sana katika karne ya 20. Ndipo Wakamba walipopunguziwa malisho, wakasongamana na mifugo yao. Serikali ya kikoloni ikalaumu wingi wa ng'ombe (kana kwamba ng'ombe ndio waliochora mipaka!), na mwaka 1938 ikawatwaa kwa nguvu. Wakamba walikwenda Nairobi kuwadai. Kiongozi wao, Muindi Mbingu, akahamishiwa Lamu.